Siku Tulipoacha Kumwita Mama Danieli

Wanangu manesi wapya, shikamoo zenu nimezipokea. Marahaba. Mmeniomba niwaandikie niliyoyaona kwenye ile wodi yetu ya mwisho, iliyo karibu na ukuta wa nyuma, kabla sijayasahau. Nisahau? Mimi? Nimestaafu kazi, kichwa bado kiko zamu. Niko hapa Singe, nina mahindi yangu, nina kuku wasionisikiliza, na muda ninao. Basi kaeni niwaambie.

Nianze na aibu yangu. Mimi nina sauti, mnaijua. Nimekulia kule milimani Mbulu, nyumba moja iko huku na ya jirani iko ng'ambo ya bonde, na mama yangu akitaka kuazima chumvi haendi, anaita. Tulimrithi watoto wote. Nilipokuwa wodi ya wazazi sauti hii ilinipa heshima kubwa, maana nikisema "sukuma" hata walinzi wa getini walikuwa wanasukuma. Lakini nilipohamishiwa kwenye kitengo cha watu waliopatwa na mshtuko mzito, aisee, ikawa balaa.

Watu wa mjini Babati walikuwa wanatuita wodi ya mapepo. Miaka yote niliyokaa pale sikukutana na pepo hata mmoja, na zamu nilifanya nyingi. Nilikutana na watu waliopatwa na jambo zito kuliko walivyoweza kubeba. Mwingine ajali, mwingine moto, mwingine kupigwa ndani ya nyumba yake miaka na miaka. Akili ikatafuta mahali pa kukimbilia, na ikazoea kukimbia hata pale ambapo hakuna hatari tena. Unamkuta mtu amekaa mbele yako, macho yako wazi, kikombe cha uji kiko mkononi kinapoa, na mwenyewe hayupo. Mwingine anajikuta kijiji cha Mutuka kwenye shamba la mtu na hajui alifikaje. Daktari alikuwa anaandika jina refu kwenye faili. Sisi kwenye daftari la zamu tulikuwa tunaandika tu "kasafiri saa nne, karudi saa nne na nusu", na kila mtu alielewa.

Aliyenifundisha kazi hiyo ni Mzee Tluway. Alikuwa nesi wa siku nyingi, mfupi, mpole, anatembea kama anaogopa kuamsha mtoto. Funguo zake alizifunga kwa kitambaa zisilie. Siku ya kwanza aliniangalia kuanzia juu mpaka chini, akaniambia, "Nesi Paskalina, wewe ni mtu mzuri, ila unaingia chumbani kama mvua ya mawe." Nilinuna siku mbili.

Zamani, msije mkadhani tulikuwa wataalamu. Mtu akisafiri tulikuwa tunamkamata watu wanne, tunamchoma sindano, tunaenda kunywa chai. Mimi mwenyewe, wiki yangu ya kwanza, nilimmwagia ndoo ya maji kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa amekaa kimya tangu asubuhi. Nilidhani namzindua. Wee! Alitumbukia chini ya kitanda akajikunja huko, hatoki, na mimi nikateleza kwenye maji yangu mwenyewe nikaanguka kama gunia. Mzee Tluway alikuja, akanipita pale sakafuni bila hata kunipa pole, akalala chini mbali kidogo na kile kitanda, akaanza kusimulia habari za ng'ombe wake anayeumwa kwato. Alisimulia weee, mpaka saa nane mchana. Sauti ya kijana ikatoka chini ya kitanda, "Sasa mzee, huyo ng'ombe alipona?" Hapo ndipo tulipompata.

Ndiyo maana nawaambia, usimwendee mtu kwa nyuma. Usimguse kabla hujamwomba. Kaa mbele yake, chini kidogo ya macho yake, umwambie taratibu uko wapi na leo ni siku gani. Mwambie avue viatu akanyage sementi, maana ile baridi ya sakafu humrudisha mtu kuliko maneno yako. Kisha mwombe akutajie vitu vitano anavyoviona. Majibu yakija, yapokee yote. Mimi nilimwomba baba mmoja vitu vitano, akasema, "Naona kiti, naona dirisha, naona nesi mnene, naona nesi mnene, naona nesi mnene." Nikamwambia karibu tena Babati, baba.

Na andikeni. Hili nalikazia kwa sababu najua nyie vijana mnapenda kuandika kwenye simu tu. Andikeni mgonjwa alisafiri saa ngapi, na hasa kitu gani kilitangulia. Daftari hilo ndilo lililoniumbua mimi, na sasa nawaeleza ilivyokuwa.

Aliletwa kwetu mama mmoja kutoka Sigino. Mwembamba, msafi, ana aibu, akicheka anaziba mdomo. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume wa miaka minne, Danieli, na kama mnavyojua desturi yetu, tangu siku ile mtoto alipozaliwa hakuna aliyemwita mama yule jina lake. Kwa mume, kwa majirani, kanisani, ni Mama Danieli. Alikuwa amepona ajali. Walikuwa wamepanda lori wakirudi mnadani, wamekaa juu ya magunia ya mbaazi, lori likapinduka kwenye kona. Mguu ulivunjika na ukaunga vizuri. Lakini baada ya hapo akaanza kusafiri.

Sasa, siku moja alikuwa analima, mtoto anacheza pembeni. Akasafiri. Aliporudi alikuta jua limehama na Danieli hayupo. Majirani walimkuta mtoto kwenye mtaro, amekaa kwenye maji ya mvua mpaka kiunoni, anacheka na matope yake. Maji yangekuwa mengi zaidi kidogo, mimi nisingekuwa na kicheko cha kuwaandikia hapa.

Mama mkwe wake hakusubiri kikao. Alimchukua mtoto siku hiyo hiyo akaenda kukaa naye kwake. Tulimwita Bibi Danieli, mama mrefu, kitenge kimefungwa barabara, akikutazama unakumbuka dhambi zako. Alikuja wodini mara moja tu mwanzoni, akasimama mlangoni, akasema mbele yetu wote, "Siku nitakayomwona huyu amekaa mbele yangu saa nzima na akili zake zote, atapata mtoto wake. Kabla ya hapo, hapana." Akaondoka. Hakuaga hata.

Kwa hiyo mama yule hakuwa na ombi lingine kwetu. Hakutaka dawa ya usingizi, hakutaka maombi, hakutaka kujua ugonjwa unaitwaje. Kila asubuhi alikuwa ananiuliza, "Nesi, saa nzima nitaiweza lini?" Na mimi nilikuwa namjibu "hivi karibuni, mama," huku moyo unaniuma, kwa sababu hali ilikuwa inazidi kuwa mbaya. Nyumbani, alikokuwa anashinda shambani na mtoto tu, alikuwa anasafiri mara moja moja. Kwetu hospitali, penye wataalamu, alikuwa anasafiri mara tatu kwa siku! Daktari alijikuna kichwa. Mzee Tluway alijikuna kichwa. Mimi nilifanya kila nilichofundishwa. Nilikaa mbele, nilishusha sauti mpaka nikawa nakohoa, nilimvua viatu, na nilimwita kwa upole wote na heshima zote, "Mama Danieli, rudi mama. Mama Danieli, uko Babati. Mama Danieli, unanisikia?" Dakika arobaini. Nikimwita zaidi, anazidi kwenda.

Pale dirisha la mafaili palikuwa na karani mmoja, Shabani. Jamani, yule kijana alikuwa analalamikiwa kila wiki. Mama mtu mzima, ana wajukuu, yeye anachungulia dirishani anaita jina tupu kama yuko paredi. Nilishamsema mpaka nikachoka. Nikimwambia adabu, ananijibu, "Nesi, kwenye faili hakuna Mama Fulani. Nikiita Mama Neema watasimama kumi." Nilikuwa namwona hana malezi.

Asubuhi moja tuko kwenye benchi nje ya dirisha lake, tunasubiri faili liende kwa daktari. Mama yule kasafiri. Mimi niko mbele yake nimechuchumaa, magoti yananiuma, naendelea na Mama Danieli wangu, Mama Danieli wangu. Dirisha likafunguliwa pwaa. "Fabiola Safari! Faili lako hili!"

Mama yule akasema, "Abee." Akasimama, akaenda kuchukua faili. Kisha akageuka akaniona nimechuchumaa pale mbele ya benchi tupu, akaniuliza, "Nesi, umeangusha kitu?"

Shabani naye akanishangaa, akafunga dirisha lake.

Nikaenda kwenye daftari la zamu, nikakaa na Mzee Tluway tukalisoma ukurasa kwa ukurasa. Mwandiko wangu mwenyewe. "Nimempa uji na kumwita, kasafiri." "Mgonjwa mwenzake kamsalimia Mama Danieli, kasafiri." "Mumewe kaingia, kamwita, kasafiri." Nilikuwa nimeandika jibu wiki nzima na sijalisoma. Mzee Tluway hakunicheka, na angetaka siku hiyo angenicheka mpaka jioni. Alisema tu, "Kamwulize. Ila umwulize kwa jina lake."

Nilimwuliza. Sikumlazimisha, na nyie msimlazimishe mtu kusimulia, mnampa nafasi na mnanyamaza. Tulikuwa tunachambua mchicha wa jikoni, maana mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka. Nikasema, "Fabiola, watu wakikuita Mama Danieli unasikia nini?" Akachambua majani mengi kabla ya kunijibu. Alisema kwenye lori alikuwa amekaa na rafiki yake, Mama Pendo. Lori lilipolala, magunia yalimfunika Mama Pendo. Yeye mwenyewe alikuwa amebanwa mguu, hafiki. Na Mama Pendo alikuwa anamwita kutoka chini ya magunia, "Mama Danieli. Mama Danieli." Alimwita mpaka sauti ikaisha. Watu walipofika walikuwa wamechelewa.

Wanangu, nililia. Nililia na mchicha mkononi. Kila mara nilipokuwa namwita kwa heshima nilikuwa namrudisha chini ya lile lori, na nilikuwa nafanya hivyo mara tatu kwa siku kwa moyo safi kabisa. Nikamwomba msamaha. Akaniambia, "Nesi, wewe hukujua. Hata mimi sikujua."

Basi tukabadilisha wodi nzima. Amri ikatoka, anaitwa Fabiola. Mngeona vituko! Wagonjwa wenzake waliona tumemvunjia heshima, mama mmoja akaja kunilalamikia kwamba tumemfanya mwenzao kama mtoto wa shule. Mume wake, Baba Danieli, mtu wa maneno machache sana, alifundishwa na Mzee Tluway nje kwenye ukoka. "Sema Fabiola." Anaangalia viatu. "Fa..." Anakohoa. Tangu wachumbiane hakuwahi kulitamka mbele za watu. Alipofaulu aligeuka akaondoka mbio kabisa, na Fabiola dirishani alicheka hadi akasahau kuziba mdomo. Na Shabani wa mafaili, oo, alitembea wiki mbili kifua mbele. Aliniuliza kama bado nataka kumfundisha adabu. Nikamwambia ndiyo, bado.

Safari zikapungua kutoka tatu kwa siku mpaka moja kwa wiki. Mimi nilikuwa tayari kushangilia. Ni Fabiola mwenyewe aliyekataa. Alinifuata akasema, "Nesi, mtaani hamtakuwepo kuwakataza watu. Tena lile ni jina la mtoto wangu. Nalitaka."

Hapo nikamwona ni mwanamke wa namna gani. Tukaanza upya, polepole. Kwanza aliliandika kwenye karatasi na kuliangalia, miguu ikiwa kwenye sementi. Kisha akalisema mwenyewe, chini chini. Kisha nikalisema mimi, kwa mbali, yeye akiwa ameshika kikombe cha maji baridi. Kila likitajwa alikuwa anataja vitu vitano, halafu anaongeza maneno yake mwenyewe ambayo hatukumfundisha, "Anayeniita ni mzima." Kuna siku alisafiri, tukarudi nyuma hatua moja. Hatukugombana na siku hizo. Tulizikubali tu, tukanywa chai, tukaanza tena kesho yake.

Akachagua mwenyewe Alhamisi ya kuijaribu ile saa nzima. Akamtumia mama mkwe ujumbe.

Bibi Danieli alikuja saa nne asubuhi, Baba Danieli nyuma yake, na mtoto amevaa sweta jipya. Tulikuwa tumepanga viti barazani. Mtoto alitaka kukimbilia kwa mama yake, bibi akamshika bega. Akakaa. Akamtazama mkwewe usoni, akasema kwa sauti kavu, "Habari za hapa, Mama Danieli."

Alikuwa amekwishaambiwa! Mwanawe alikuwa amemweleza habari yote ya lile jina. Damu ilinipanda, nikataka kuinuka na sauti yangu yote ya milimani. Mzee Tluway akanikanyaga mguu. Fabiola alitikisika. Macho yakaanza kwenda, nayajua yale macho, na mikono ikalegea mapajani.

Kisha nikaona vidole vyake vya miguu vinakandamiza sakafu. "Naona ukuta wa kijani," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Naona kitenge cha mama. Naona ndoo. Naona sweta la Danieli, amefungwa vifungo vibaya. Naona uso wa mama. Mama Pendo alikufa. Anayeniita ni mzima." Akapumua. "Nzuri, mama. Shikamoo."

"Marahaba," akasema bibi.

Mimi nilitaka kupiga vigelegele. Bibi akatazama saa ya ukutani. "Saa nzima haijaisha," akasema. Na kweli, tukakaa! Tulikaa watu wazima tumenyamaza kama tuko mtihani. Aliuliza habari za mbegu, Fabiola akajibu. Aliuliza ni nani atapalilia, Fabiola akajibu. Chai ikaletwa, ikanywewa. Mara mbili zaidi alimwita kwa jina lile, na mara zote mbili vidole vile vilikandamiza sakafu na Fabiola akabaki palepale. Saa tano ilipogonga bibi alimwachia mtoto bega. Sitawaeleza mtoto alivyokimbia, wala alivyopokelewa, maana nitaharibu karatasi hii kwa machozi na sina nyingine. Fabiola alifungua vile vifungo vya sweta, akavifunga upya, kimoja kimoja.

Fabiola, mumewe na mtoto wakaenda getini kutafuta bajaji. Mzee Tluway akawasindikiza. Bibi hakuinuka. Mimi nilikuwa bado nina hasira naye, nikaanza kukusanya vikombe kwa kelele ili ajue.

"Nesi," akasema. "Umeuona mkono wa Baba Danieli?"

Nilikuwa nimeuona. Vidole viwili vimeshikana, ni kovu la moto la zamani.

"Alikuwa bado mtoto anatambaa," akasema. "Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo penye mafiga, macho yangu yako wazi. Nilikuwa nimezika watoto wawili mwezi mmoja, na baada ya pale nikawa naondoka, kama huyu anavyoondoka. Niliposikia mtoto analia, mkono ulikuwa ndani ya moto. Wakaniambia mimi ni mvivu. Nikakubali kwamba mimi ni mvivu." Alikuwa anaongea na kikombe chake. "Sikumchukua Danieli kwa ubaya. Niliogopa. Na leo nimemwita lile jina makusudi, maana kama ni kuanguka, aanguke hapa mbele yenu, si kule penye moto."

Niliweka vikombe chini. Hasira yote ilinitoka, nikabaki na aibu tu.

Akaanza kukunja ncha ya kitenge, akaikunja na kuikunjua. Lile jicho kali lilikuwa halipo tena. "Mimi bado naondoka," akasema. "Siku hizi ni kidogo, lakini naondoka. Hivi, mtu wa umri wangu, mnapokea?"

Nikavuta kiti changu, nikakaa mbele yake.

"Tunapokea, mama," nikamwambia. "Hata leo."